Koo linabana wiki ya tatu: si kila mara ni rovu

MAMA wa Nyabibuye akisema koo linambana, jirani yake humtazama shingo kwanza. Ni mazoea ya miaka mingi katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo na Kakonko, na yana sababu. Wazee wa huko wamekua wakiwaona mama zao na shangazi zao wakiwa na uvimbe mbele ya shingo, wengine mdogo kama limau, wengine mkubwa kiasi cha kufunikwa kwa kitenge. Kwa hiyo shingo ikiwa na uvimbe, jibu linakuwa tayari: rovu. Shingo ikiwa nyembamba, majibu yanakuwa mengi: mawazo, kurogwa, kimeo kimeshuka, anywe tangawizi ya moto litaisha.

Majibu yote hayo yanaweza kukosea. Mwenye rovu dogo anaweza kuwa anabanwa na kitu kingine kabisa, na asiye na uvimbe wowote anaweza kuwa ndiye mwenye ugonjwa mkubwa. Lipo swali moja linalosaidia kuliko kutazama shingo, na mzazi anaweza kujiuliza nyumbani kabla ya kupanda bodaboda kwenda zahanati. Swali lenyewe ni hili: chakula kinapita?

Watu wengi wanaolalamika koo kubana husikia donge wakimeza mate tu. Wakikaa mezani wakala ugali na maharage, chakula kinashuka bila shida, na pengine donge lenyewe linasahaulika mpaka sahani iishe. Hali hiyo inasumbua, inaweza kudumu miezi, lakini mara nyingi haina hatari. Wengine hali yao ni kinyume. Mate hayawasumbui, ila tonge la ugali linakwama kifuani, wanashushia maji. Baada ya wiki kadhaa ugali umeshindikana wanahamia wali, halafu ndizi za kupondwa, halafu uji. Huyo wa pili asisubiri hata wiki moja zaidi, awe na uvimbe shingoni au asiwe nao.

Rovu lilivyofika milimani

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, umbo lake kama kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Haiwezi kuzitengeneza bila madini joto, yaani iodini. Madini hayo ni mengi baharini. Katika ardhi ya milimani, mvua ya karne nyingi imeyaosha na kuyapeleka mtoni, kwa hiyo mahindi, maharage na mihogo inayolimwa hapo huwa nayo kidogo. Tezi ikikosa madini joto hutanuka ili inase hata kile kidogo kinachopita kwenye damu. Kutanuka huko ndiko rovu.

Muhogo nao unaingia hapa, na Kigoma ugali wa muhogo ni chakula cha kila siku. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sianidi. Ukilowekwa siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha ukaanikwa vizuri juani kabla ya kusagwa, sehemu kubwa ya sumu huondoka. Siku za loweko zikipunguzwa kwa sababu unga umeisha ndani, mwili huigeuza sianidi iliyobaki kuwa kemikali nyingine inayoizuia tezi isinase madini joto. Muhogo peke yake hauleti rovu pale madini joto yanapotosha. Pale yanapopungua, muhogo usioandaliwa vizuri huongeza tatizo.

Tanzania imefanya kazi kubwa katika jambo hili, na ni haki kulisema. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi kuanzia miaka ya 1980, na miaka ya 1990 viwanda vya chumvi vikaanza kutakiwa kuongeza madini joto kwenye chumvi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004, uliopima watoto wa shule zaidi ya 140,000, ulikuta wenye rovu ni asilimia 7, wakati miaka ya 1980 walikuwa kama asilimia 25. Zaidi ya kaya nane katika kila kumi zilikuwa zinatumia chumvi iliyoongezwa madini joto.

Lakini chumvi hiyo inaharibikia jikoni. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni inaweza kuwa haijaongezwa chochote, iwe imetoka baharini au kwenye chemchemi za Uvinza, hapo hapo mkoani. Chumvi ya asili, ya bahari au ya chemchemi, haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe. Wapo pia wanaoiosha chumvi ya mawe ili iwe nyeupe, na maji ya kuoshea yanaondoka na madini. Chumvi iliyoachwa wazi karibu na moto, au kwenye unyevu, nayo hupoteza nguvu yake taratibu. Inatakiwa ile ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko mbali na mafiga, na itiwe kwenye mboga mwishoni. Hakuna haja ya kuzidisha chumvi. Ile ya kawaida inatosha, na nyingi hupandisha shinikizo la damu.

Anayehitaji zaidi madini hayo ni mjamzito. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, kwa sababu ubongo wa mtoto aliye tumboni unajengwa kwa homoni hizo. Akikosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa au asisikie, na hilo halirekebishiki baadaye. Hapo ndipo hatari kubwa ya upungufu wa madini joto ilipo, kuliko hata uvimbe unaoonekana.

Je, rovu linabana koo? Dogo kwa kawaida halibani wala haliumi. Kubwa linaweza kuukandamiza mrija wa hewa au umio, yaani njia ya chakula. Mtu anaweza kujitazama kwa kioo na kikombe cha maji: inua kidevu kidogo, kunywa funda moja, angalia chini ya koromeo. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza huenda ni wa tezi. Uvimbe ulio pembeni ya shingo, chini ya taya au juu ya mfupa wa bega, ni jambo jingine, na ukidumu zaidi ya wiki mbili au tatu unahitaji kupimwa, kwani kifua kikuu hupenda kukaa kwenye matezi ya shingo, na saratani pia. Mwenye rovu ambaye sauti imebadilika, anayekoroma akiwa macho, anayeshindwa kupumua akilala chali, au ambaye uvimbe wake umekua haraka au umekuwa mgumu, apewe rufaa mapema. Rovu la miaka mingi haliondoki kwa kuanza chumvi nzuri leo, na kulikata au kulichanja kwa mganga ni kucheza na mishipa mikubwa ya damu iliyopita hapo.

Tindikali inayopanda usiku

Katika sababu zote za koo kubana, hii ndiyo inayosahaulika mno, pengine kwa sababu watu wanadhani tindikali ya tumbo lazima ilete kiungulia. Si lazima. Kwa wengine tindikali hupanda kidogo kidogo wakati wamelala, inaunguza sehemu ya juu ya koo, na asubuhi wanaamka na sauti nzito, wanakohoa kikavu, wanasafisha koo kila dakika, wanahisi kuna kitu kimebandika hapo ndani. Mchana kunapata nafuu.

Angalia ratiba ya jioni vijijini. Shamba linaachwa jua likizama, maji yanachotwa, moto unawashwa, ugali unaiva saa mbili au saa tatu usiku, na baada ya nusu saa watu wamelala. Tumbo limejaa, mwili umelazwa. Kula saa mbili au tatu kabla ya kulala husaidia wengi, hata kama chakula kizito kitahamishiwa mchana. Kuinua kichwani kwa kitanda kwa vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya kitanda husaidia kuliko kurundika mito, kwani mito hukunja tumbo. Wajawazito hupata hali hii sana na wasishangae.

Dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani bila kupimwa, kama diklofenaki na aspirini, nazo huchubua tumbo. Kuna pia kidonge kinachokwama. Doksisaiklini ikimezwa bila maji ya kutosha na mtu akalala papo hapo, inaweza kuunguza umio, na maumivu yake hudumu siku kadhaa. Meza dawa ukiwa umekaa au umesimama, kwa kikombe kizima cha maji.

Ugali unapokwama

Kusini na mashariki mwa Afrika kuna eneo refu, kutoka Ethiopia na Kenya kupitia Tanzania hadi Malawi, ambako saratani ya umio inaonekana zaidi ya kawaida, na baadhi ya wagonjwa wana umri wa chini ya miaka 40. Sababu yake haijawa moja. Tumbaku, pombe kali, lishe duni na vinywaji vya moto sana vyote vimetajwa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Chai iliyotoka jikoni sasa hivi inapita kiwango hicho. Iache ipoe dakika chache. Huo ni ushauri wa bure kabisa.

Tatizo la saratani hii ni kwamba umio unatanuka. Njia huweza kuziba kwa sehemu kubwa kabla ya mtu kuhisi kitu, na anapoanza kuhisi, anajizoesha: anatafuna zaidi, anakunywa maji katikati ya chakula, anaacha nyama. Familia inaona amekonda na inasema ni kazi za shamba. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa hawawezi hata uji. Si kila anayekwamwa na chakula ana saratani, maana umio unaweza kuwa na kovu, au misuli yake imeshindwa kufunguka, au kwa mwenye VVU kuna fangasi weupe wanaoanzia mdomoni, na hayo yote yana tiba. Lakini hakuna anayeweza kuyatofautisha kwa kutazama. Kunatakiwa kipimo cha mpira wenye kamera, au picha baada ya kumeza dawa nyeupe, na hivyo havipo zahanati. Ndiyo maana rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Maweni, au Bugando jijini Mwanza, inafaa kuombwa mapema wakati mgonjwa bado ana nguvu za safari.

Donge, mabega na dawa ya kutapika

Kiswahili kinajua tangu zamani kwamba uchungu wa moyo hukaa kooni. Mtu hukabwa na donge. Madaktari wanakubali. Mwenye hofu au huzuni ya muda mrefu, misuli ya juu ya umio hukaza kweli, si kwamba anajisingizia. Mama aliyefiwa, au baba mwenye deni la pembejeo, anaweza kubanwa koo miezi na vipimo vyote vikawa safi. Kumwambia "huna kitu" hakumsaidii. Kumweleza kinachokaza, na kumpa nafasi ya kusema kinachomlemea, humsaidia wengi wao.

Misuli ya shingo nayo hulalamika kwa sababu za wazi. Ndoo ya lita 20 kichwani, mzigo wa kuni, mtoto mgongoni, halafu jembe. Shingo inakaza kwa nyuma na pembeni, inauma ikigeuzwa, usiku inapata nafuu. Na wale wa mjini wasicheke, kwani kuinamia simu saa tatu mfululizo hufanya kazi ile ile bila hata kuleta maji nyumbani.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, zinaweza kukaza misuli ya shingo na taya ghafla, hasa kwa watoto na vijana, katika siku za kwanza za kuitumia. Shingo inapinda upande mmoja, macho yanatazama juu, ulimi unatoka, na mgonjwa ana fahamu zake zote. Ukimwona usiku unadhani ni mapepo, na wapo wanaofikishwa kwenye maombi au kwa mganga kabla ya hospitali. Sindano moja inayofaa huilegeza ndani ya muda mfupi. Anayempeleka mgonjwa kituoni ataje dawa aliyopewa.

Mtoto hasemi koo linabana

Mtoto mdogo hana neno la kubanwa. Anakataa kunyonya, anadondosha mate kuliko kawaida, analia akimeza, anapumua kwa sauti. Mara nyingi ni mafindofindo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye koo jekundu linalouma, homa na matezi chini ya taya, bila mafua wala kikohozi, apimwe, kwa sababu bakteria mmoja anayeleta hali hiyo asipotibiwa anaweza baadaye kuharibu vali za moyo. Dozi imalizwe hata kama koo limepona siku ya tatu.

Kama alikuwa akicheza na sarafu, kokwa au betri ndogo za duara za saa na vidude vya kuchezea, usimpe tonge la ugali lisukume. Betri ya namna hiyo ikikwama huunguza umio ndani ya saa chache. Ni safari ya usiku huo huo.

Halafu kuna kimeo. Bibi anamfungua mtoto mdomo, anakiona kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, anasema kimerefuka, ndicho kinachomkohoza na kumzuia kula. Anaitwa mkataji. Bibi hana nia mbaya. Ndivyo alivyofanyiwa na yeye. Lakini kila mtu ana kimeo, kwa mtoto mwenye homa ya koo kinavimba pamoja na sehemu nyingine na kinarudi chenyewe akipona. Kikikatwa kwa kisu kisichochemshwa mtoto anaweza kutoka damu isiyozuilika, kupata maambukizi au pepopunda, na kikohozi kinabaki palepale kwa sababu chanzo chake kilikuwa kifuani: nimonia, pumu, kifua kikuu. Mama akwe hapingwi mbele za watu. Ila anaweza kuambiwa, "Mama, tumpeleke kwanza apimwe kifua, tukirudi tutazungumza," na mara nyingi hiyo inatosha kuokoa usiku huo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa kifua kikuu, kwa mtoto na kwa mkubwa, na kipimo hicho ni bure.

Usiku usiosubiriwa

Kubana kunakokuja ghafla ni habari nyingine. Midomo au ulimi ukivimba baada ya chakula, sindano au kuumwa na nyuki, na pumzi ikaanza kukata, mgonjwa aondoke dakika hiyo. Taya likifunga na shingo kukakamaa siku kadhaa baada ya jeraha, ni pepopunda mpaka ithibitike vinginevyo. Aliyeng'atwa na mbwa hasubiri koo libane kabisa. Jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na chanjo inaanza, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza hakuna tiba. Na mtu wa makamo anayebanwa koo, taya au shingo kila akipanda mlima, kisha ikaachia akipumzika, apimwe moyo. Nyanda za juu zina milima mingi, na wengi wanadhani ni uzee.

Kwa anayekwenda zahanati kwa koo la wiki tatu, mambo ya kumweleza tabibu ni machache: lilianza lini, chakula gani kinapita na kipi kinakwama, sauti imebadilika au la, uzito umepungua kiasi gani, analala baada ya muda gani akishakula. Aende amekula kidogo na amevaa nguo yenye shingo wazi. Na dawa zote anazotumia, pamoja na zile alizonunua dukani na zile za mizizi alizopewa na jirani, azibebe kwenye mfuko, aziweke mezani.